Mizani ya Daraja la Ngolombe

Kulikuwa na nchi. Nasema "kulikuwa" kwa adabu tu, maana ingalipo, na wakubwa wake ni wepesi wa kukasirika. Nchi hiyo iliipenda elimu kupita kiasi. Mwaka ule ilipozinduliwa Maktaba ya Kidijitali ya Taifa, vitabu vyote vya karatasi na magazeti yote ya zamani yalipewa likizo. Malori yalikuja asubuhi moja yakayachukua, yamefungwa kamba mafungu mafungu, na hakuna aliyeambiwa likizo yenyewe inaisha lini.

Siku ya uzinduzi alihutubia Waziri wa Kumbukumbu, Mhandisi Gervas Mabanzi.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mtafiti alikuwa akitafuta. Alitafuta kwenye rafu, alitafuta kwenye makabati, akatoka na vumbi na mafua. Serikali yenu sikivu imeyakomesha mateso hayo. Kuanzia leo mtafiti hatafuti, anapata. Na atakachokipata ndicho alichokuwa anakitafuta, hata kama mwenyewe alidhani anatafuta kingine."

Watu walipiga makofi. Makofi yalikuwa kwenye ratiba, kipengele cha saba.

Miongoni mwa waliopiga alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, Sikudhani Mbwego, mwanamke wa miaka arobaini na minne aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika fasihi. Hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa na hofu za kawaida za raia wa nchi ile: aliogopa bahasha za kahawia, aliogopa kuitwa kwa majina yake yote matatu, na alipopita mbele ya ofisi yoyote yenye bendera alifunga kifungo cha juu cha blauzi bila kujua kwa nini. Kitu kimoja tu hakukiogopa, nacho ni mashairi. Aliyapenda hasa yale ambayo wasomaji wa zamani, wakulima na makarani na mama wa nyumbani, waliyapeleka kwenye gazeti la serikali kila Ijumaa. Tasnifu yake ilihusu hayo.

Siku ya kwanza aliketi mbele ya kompyuta ya maktaba akaandika neno "daraja", kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba miaka thelathini na miwili nyuma wasomaji walitungiana sana mashairi juu ya daraja la mto Ngolombe. Maktaba ilimpa majibu elfu sitini na moja. Mia tano ya mwanzo yalikuwa hotuba za Mtukufu Rais kuhusu kupandishwa daraja kwa watumishi.

Aliyemwokoa alikuwa mkutubi wa zamu, Bwana Feruzi Ngwali, mzee mkimya mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi, aliyebakiza miezi kumi na mmoja astaafu.

"Mwalimu, mashine hii haijui unachokiwaza," alimwambia, akavuta kiti. "Inajua ulichokiandika tu. Yaweke maneno yako ndani ya alama za nukuu, 'daraja la Ngolombe', ili iyatafute yakiwa yamefuatana. Sasa bana miaka, toka huu hadi huu. Hapa chagua aina ya maandishi: si habari, si hotuba. Shuka, shuka tena. Hiyo hapo, 'Mashairi ya Wasomaji'."

Majibu elfu sitini na moja yakawa thelathini na moja.

"Alaa," alisema Sikudhani taratibu.

"Na kila unachokisoma, andika tarehe uliyokisoma," Bwana Feruzi aliongeza, sauti imeshuka. "Gazeti la karatasi lilikuwa likichapwa limechapwa. Hili la hapa…" Alifuta miwani yake, akarudi mezani kwake.

Sikudhani alisoma siku nzima. Yote thelathini na moja alikuwa ameyamaliza saa kumi, lakini alirudi kwenye moja, la mwanamke aliyejiita Hadia Semkiwa wa Ngolombe Chini, akalinakili kwenye daftari kwa mkono wake. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Nipe nafasi gazeti, nami niseme ya kwangu,
Daraja lilo na cheti, limemmeza mwanangu,
Mwasema hiyo bahati, na maandiko ya Mungu,
Nani alitia wino, nguzo zikiwa mchanga?

Chini yake aliandika: imesomwa tarehe 12 Machi. Daraja lenyewe hakuwahi kufundishwa popote kwamba lilianguka. Vitabu vya shule vilisema watu wa Ngolombe wanapenda kuvuka kwa mitumbwi, kwa sababu za kiutamaduni.

*

Tarehe tatu Aprili alirudi kuhakiki nukuu zake, kama mtafiti yeyote mwangalifu anavyofanya kabla ya kukabidhi kazi. Alilifungua shairi lile lile, ukurasa ule ule, tarehe ile ile ya gazeti. Akasoma:

Nipe nafasi gazeti, nami niseme ya kwangu,
Daraja lilo na cheti, limemfurahisha sana mwanangu,
Mwasema hiyo bahati, na maandiko ya Mungu,
Nani alitia wino, nguzo zikiwa imara na za kisasa?

Kabla hajashtuka kwa maana, alishtuka kwa sikio. Alihesabu kwa vidole chini ya meza. Mstari wa pili ulikuwa na mizani ishirini badala ya kumi na sita. Mwanamke aliyezitunga beti nyingine tisa bila kuteleza hata mara moja asingeweza kuandika kitu kile, labda awe amelewa, na hata hivyo. Ndipo woga ulipomfika.

Alimtazama Bwana Feruzi. Bwana Feruzi alikuwa akizipiga muhuri karatasi tupu, moja baada ya nyingine, wala hakuinua kichwa.

Mtu mwenye busara angeliacha shairi lile. Sikudhani alikuwa na busara, lakini alikuwa pia na mazoea, na mazoea ya mtafiti ni ugonjwa usio na dawa. Katika tasnifu yake, ukurasa wa themanini na saba, aliweka tanbihi kwa herufi ndogo kabisa: "Ubeti huu ulisomeka hivi tarehe 12 Machi. Tarehe 3 Aprili mstari wa pili ulikuwa na mizani ishirini." Hakusema lolote zaidi. Na kwenye ukurasa wa shukrani alimshukuru msimamizi wake, marehemu mama yake, na "Bwana Feruzi Ngwali wa Maktaba, aliyenionyesha njia."

Msimamizi wake, Profesa Kilindo, alisoma ukurasa wa shukrani, akaliona jina lake, akasaini.

Tanbihi ile ilinaswa na mashine. Chuo kilikuwa na mashine ya kukamata wanafunzi wanaoiba maandishi ya wengine, na kazi yake ilikuwa kulalamika pale maneno ya mwanafunzi yanapofanana mno na chanzo. Kwa maneno ya Sikudhani ililalamika kwa sababu hayakufanana. Haikuwahi kuona jambo hilo, ikapeleka taarifa Idara ya Ulinganifu.

Bahasha ilikuja shuleni, ya kahawia, yenye majina yake yote matatu.

*

Idara ya Ulinganifu ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti yake ilipanda tu. Waliotaka kushuka walielekezwa ngazi, baada ya kusaini. Sikudhani alikuwa amekuja na Profesa Kilindo, ambaye walipofika mlangoni alikumbuka kwamba ana kikao.

"Mwalimu, mkono usioweza kuukata, ubusu," alimshauri. "Na ukiulizwa kama nilisoma ukurasa wa themanini na saba, sema kweli. Sikusoma."

Ndani alikutana na mwanamke mpole, nadhifu, mwenye umri kama wake. Alijitambulisha kwa jina la Tegemea Lwanda, Mkurugenzi wa Ulinganifu wa Mashairi, Methali na Nyimbo za Watoto. Alimmiminia chai ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe. Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa kelele. Chai ile ilimtisha kuliko kelele, maana hakujua wapi pa kuishika.

"Karibu, mwalimu wangu. Usiogope," alisema Bi. Tegemea. "Wanaoogopa hapa ni wale wenye jambo. Wewe unalo?"

"Sina, mama."

"Basi tunaelewana. Nimeisoma kazi yako yote. Nililia kwenye sura ya tatu." Alifungua jalada. "Sasa hapa umeandika kwamba tarehe 12 Machi ulisoma jambo. Maktaba ya Taifa inasema jambo hilo halijawahi kuwemo. Mmoja wenu anakosea, na Maktaba ya Taifa haikosei, kwa sababu kila ikikosea hurekebishwa. Unaona ugumu wangu?"

"Naona."

"Halafu kwenye shukrani umemtaja Bwana Feruzi, 'aliyenionyesha njia'. Njia ipi hiyo?"

Kikombe kilianza kugonga kisahani, tik tik tik, Sikudhani akakiweka chini. Hakuwahi kufikiri kwamba ukurasa wa shukrani ni orodha ya washtakiwa.

"Ya… ya kutumia alama za nukuu," alisema mwishowe.

"Alama za nukuu," Bi. Tegemea alirudia, akaandika. "Mtu mzima, miezi kumi imebaki astaafu. Tungependa sana astaafu kwake nyumbani, si pengine. Lakini sikukuitia huyo." Alisogeza kiti karibu, karibu kiasi cha Sikudhani kunusa karafuu kwenye pumzi yake. "Nilikuitia hii mizani. Wewe umegundua kwa kuhesabu. Ukihesabu wewe, atahesabu mwingine. Vijana wetu wa urekebishaji ni wahitimu wa takwimu, mwalimu. Wana moyo, lakini hawana sikio. Mheshimiwa Waziri ametuagiza tulisafishe jambo la Ngolombe, maana wakati ule alikuwa mhandisi kijana na ndiye aliyekipitisha cheti cha daraja, na watu wana midomo. Wao wakaandika 'limemfurahisha sana mwanangu'. Ni aibu kwa taifa. Taifa zima linachekwa na mtu yeyote mwenye vidole."

Alimgeuzia karatasi na kalamu.

"Tunahitaji neno moja tu. Likae vizuri, liimbike, na lisimuue mtu. Ukilipata, tanbihi yako itafutika, shahada utaipata, na Bwana Feruzi atakwenda kulima bamia zake. Ukilikosa, basi, tutaendelea kuzungumza. Chai ipo."

Nataka ieleweke kwamba Sikudhani alikusudia kulikosa. Alikusudia kukaa pale na kusema akili imemkauka. Lakini neno lilikuja lenyewe, kabla hata hajaigusa kalamu, kama mbwa anavyomjia mwenyewe. *Limemmeza. Limemvusha.* Mizani ile ile, mdundo ule ule. Alilisikia likikaa mahali pake kwa ulaini ulioutia moyo wake baridi. Aliiona miwani iliyoungwa kwa uzi. Akaandika:

Daraja lilo na cheti, limemvusha mwanangu…
Nani alitia wino, nguzo zikawa za chuma?

Bi. Tegemea alihesabu kwa vidole, polepole, midomo ikicheza. Alihesabu mara ya pili. Kisha akafuta macho kwa kitambaa.

"Uzuri wa lugha yetu," alisema.

*

Shahada aliipata, tena kwa alama za juu. Pamoja nayo alipewa cheo ambacho hakukiomba, Mrekebishaji Mkuu wa Mizani, na meza katika ukumbi wa maktaba, yenye kompyuta na kidude cheusi kilichowaka taa nyekundu kila mtu alipozungumza karibu nacho. Aliambiwa ni cha kuboresha huduma. Kutwa aliletewa mashairi. Njaa aliigeuza ngoma, kiangazi akakigeuza kivazi, na waliokufa walipata safari, kwa kuwa "kusafiri" hukaa vizuri karibu popote. Kazi ilimwendea vyema, na hilo ndilo lililomnyima usingizi na kula. Alikonda mpaka sare ya watumishi ikamlegea mabegani.

Bwana Feruzi hakuguswa. Wiki ya kwanza alifika kwenye meza ya Sikudhani, akasimama mbele ya kompyuta, akausoma ubeti wa Ngolombe huku kidole gumba kikihesabu vidole vingine.

"Hii ni kazi ya mtu anayejua," alisema.

Sikudhani alitaka kumwambia kwa nini. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Mzee akaondoka, na kutoka siku hiyo akawa anapitia mlango wa nyuma mpaka alipostaafu.

*

Mwezi wa Oktoba redio ya taifa ilitangaza kwamba sasa kila mwananchi anaweza kusoma magazeti yote ya zamani bila kibali. Watu hawakwenda, maana tangazo la kwamba kibali hakihitajiki liliwafanya wajiulize mtego uko wapi. Alikwenda mtu mmoja, ajuza mrefu mwenye kanga mbili na viatu vya raba, saa nane mchana, ukumbi ukiwa mtupu.

"Shikamoo, mama," alisema Sikudhani.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa magazeti yapo humu ndani." Aliigusa kompyuta kwa ncha ya kidole kana kwamba ina homa. "Nina shairi langu la zamani. Nakala yangu ilichukuliwa na wale wa malori, walipita hadi majumbani. Macho yangu nayo hayasomi tena. Nataka nisomewe tu, niende zangu."

"Jina la mtunzi, mama?"

"Hadia Semkiwa. Wa Ngolombe Chini."

Sikudhani angeweza kusema mtandao unasumbua. Kila siku walisema mtandao unasumbua, na mara nyingine ulikuwa unasumbua kweli. Lakini vidole vilikwishaandika, ndani ya alama za nukuu, na ukurasa ukafunguka. Taa nyekundu iliwaka. Alisoma kwa sauti, bila kuruka neno, akiangalia kioo ili asimwangalie mwenye shairi.

Bi. Hadia alisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa kwa mdundo. Ulipofika mstari wa pili kichwa kilisimama. Beti zote kumi zilisomwa hadi mwisho.

"Umesoma vizuri," alisema. "Na aliyeligusa si mjinga, mizani kaiweka sawa." Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Nisomee tena pale. Limem-nini?"

"Limemvusha."

"Limemvusha. Haya. Limemvusha kwenda upande gani?"

Sikudhani aliyarudisha macho kwenye kioo.

"Nakuuliza kwa sababu nyie ndio mna kumbukumbu. Maiti haikuonekana, mwanangu. Miaka thelathini na miwili nimekaa upande wa huku, sijahama, wananiita niende kwa dada yangu sitaki. Kama serikali inasema alivuka, basi yuko mahali. Niambie kijiji gani nikamchukue. Miguu bado ninayo."

Aliuliza kwa dhati. Sikudhani aliuona uso ule na akaelewa kwamba hakuwa akidhihaki. Chembe ndogo sana ya tumaini ilikuwa imeingia machoni mwa mwanamke aliyekwishazika tumaini zamani, na aliyeipanda ni yeye, kwa neno moja zuri. Aliitazama taa. Aliwaza lifti inayopanda tu, na chai ya tangawizi.

"Hakuvuka, mama," alisema.

Hakunong'ona. Alitaka kunong'ona, ila sauti ilitoka ya kawaida, ya mwalimu darasani. Bi. Hadia aliuinamisha uso kidogo, kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akaushika wa Sikudhani, akaukuta unatetemeka.

"Utapata taabu kwa hilo?"

"Nadhani ndiyo."

"Basi nitakaa mpaka waje."

Walikaa. Walikuja baada ya dakika ishirini, ofisa mmoja mwenye tai na mwingine mwenye jalada. Kidude kiliwaletea maneno mawili tu, "hakuvuka, mama", na kwa kuwa Kiswahili hakisemi ni mwanamume au mwanamke, wala jina, Idara ilikuwa imeshindwa kujua ni nani hakuvuka nini, na jalada haliwezi kufunguliwa bila mhusika. Ofisa aliyatoa maelezo hayo kwa masikitiko. Akatandaza fomu mezani, yenye nakala tatu.

"Fomu ya ushahidi," alisema. "Ikishapigwa muhuri hairekebishwi na idara yoyote, hata yetu, kwa hiyo uandike kwa uangalifu. Kipengele cha kwanza. Jina kamili la asiyevuka."

Sikudhani alishika kalamu. Akamtazama Bi. Hadia.

"Chande," alisema mama. "Chande Omari Semkiwa."

Akaandika.

"Umri."

"Kumi na tisa."

"Tarehe ya kutovuka, na alikuwa akipeleka nini. Fomu inataka."

"Ijumaa, tarehe nane Mei, asubuhi. Magimbi. Makapu mawili, moja la kuuza na moja la shangazi yake."

Sikudhani aliandika yote, moja baada ya jingine, kwenye nakala ya juu, akikandamiza kwa nguvu ili wino ufike mpaka ya tatu. Ofisa alipiga muhuri mara tatu. Kisha akamwambia Sikudhani achukue mkoba wake, na Bi. Hadia akainuka pamoja naye.